Utosi wa Vedasto

Picha yenyewe ilikuwa ya harusi ya watu wengine, iliyofungwa katika kanisa moja upande wa Kipalapala. Aliyeipiga alikuwa Fikiri, mpiga picha ambaye Vedasto hushirikiana naye kazi ikiwa kubwa. Fikiri alikuwa amepanda juu kwenye roshani ya wanakwaya. Jumatatu yake wakakaa studio kwa Vedasto, mtaa wa Ng'ambo, Tabora, wakizichambua picha moja moja kwenye kompyuta. Walipofika kwenye kiapo, Vedasto akasonya. Maharusi walikuwa wamepiga magoti vizuri, padri ameinua mikono, lakini katikati ya picha palikuwa na mtu ameinama, na utosi wake uling'aa kuliko pete za maharusi.

"Huyu mzee ni nani anatuharibia picha?" akauliza.

Fikiri alimtazama yeye, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Kaka," alisema taratibu, "si wewe?"

Vedasto alisogeza kiti karibu. Shati lilikuwa lake, lile la mistari ya kijani. Kamera ilikuwa yake. Utosi tu ndio hakuufahamu. Mbele alikuwa anajua kwamba nywele zimerudi nyuma kidogo, kwa sababu mbele mtu hujiona kila asubuhi akinyoa ndevu. Nyuma hakuna anayejiona. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Tena yeye ndiye alikuwa fundi wa vichwa vya watu. Wanaume waliokuja kupiga picha za pasipoti au za vyeti walikuwa wakimsogelea baada ya kupigwa na kumnong'oneza, "Fundi, nitengenezee kidogo hapa mbele." Naye alikuwa akizijaza nywele kwa kompyuta, dakika tano tu, mtu anaondoka na miaka kumi imepungua. Aliwafanyia wengi, na hakuwahi kujiuliza wanajisikiaje wakirudi nyumbani na picha ile mfukoni na kichwa kile kile.

Kuanzia siku ile akawa mtu wa kepu.

Sasa, wanaume wenye upara wako wengi Tabora, na wengi wao hawana habari nao. Vedasto alikuwa na sababu yake. Baba yake, Masolwa, aliondoka nyumbani kwao Igunga wakati Vedasto ana miaka sita, akamwacha mama yake, Bertila, na mtoto mmoja na shamba la mpunga. Hakurudi. Picha iliyobaki ni moja tu: Masolwa amesimama kando ya lori la pamba, amevaa kofia ya pama iliyomfunika mpaka karibu na nyusi. Vedasto alikua akiambiwa na watu kwamba pua ni ya baba, mwendo ni wa baba, na kila aliposikia hivyo alijisikia kama aliyetuhumiwa. Alijiapiza kwamba hatafanana na mtu yule kwa lolote analoweza kulizuia.

Pasaka iliyofuata ile harusi, alikwenda Igunga kumsalimia mama yake. Wakakaa kula. Bertila akamwambia avue kofia mezani. Vedasto akaivua, akainamisha kichwa kwa ajili ya sala, na kabla "amina" haijaisha akawa ameirudisha. Mama yake alimtazama kwa muda.

"Haya," alisema. "Umekuwa Masolwa."

Akainuka, akaenda jikoni kuchukua mboga ambayo tayari ilikuwa mezani.

Vedasto hakuuliza. Alidhani ameelewa kilichokuwa chini ya ile kofia ya pichani. Aliporudi Tabora alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba nywele zake zitarudi, kwa njia yoyote.

Njia ya kwanza aliipata mnadani. Bwana mmoja aliyetandika turubai alikuwa na chupa zilizojaa mafuta mekundu, na kipaza sauti kilichotangaza kwamba mafuta hayo yanaotesha nywele hata kwenye kigae. Chupa haikuwa na karatasi wala jina. Vedasto alipaka siku ya kwanza, kichwa kikawasha. Alijiambia kwamba dawa ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Siku ya tatu utosi ulivimba, ukatoka malengelenge, yakapasuka. Alilala kwa ubavu wiki nzima. Mke wake, Julieth, mwalimu wa shule ya msingi, alipouliza, alimwambia kwamba ameungua na taa ya studio.

Kidonda kilipoanza kutoa maji ndipo alipokwenda duka la dawa la Narendra, pale mjini. Mzee Narendra alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote karibu na mlango, na mke wa mwanawe, Urvi, ambaye ndiye mfamasia, alikuwa nyuma ya kaunta.

"Shikamoo mzee," Vedasto alisalimu.

"Marahaba, mpiga picha. Mbona kofia imegandia?"

Vedasto aliivua kwa uchungu. Urvi akazunguka kaunta, akamkalisha karibu na dirisha, akatazama.

"Umepaka nini?"

Akamweleza. Alikuwa ameibeba chupa. Urvi akaifungua, akanusa, akaifunga tena.

"Sijui kilichomo, na aliyekuuzia pengine hajui vilevile. Hii tunaitupa. Kwanza tutibu kidonda. Nywele tutazungumza kidonda kikipona, tena utazungumza na daktari wa ngozi, siyo na mimi peke yangu."

Mzee Narendra aliinuka kwenye kiti chake, akainama mbele ya Vedasto na kumwonyesha kichwa chake mwenyewe, ambacho hakikuwa na nywele hata moja kutoka sikio hadi sikio.

"Mimi naishi ndani ya duka la dawa tangu nizaliwe," alisema. "Mafuta ya chupa yangekuwa yanaotesha, ningekuwa hivi?"

Vedasto alicheka, na kicheko kikamuuma utosini.

Kidonda kilichukua mwezi na siku kadhaa. Baada ya hapo alikwenda kwa Daktari Recheli, daktari wa ngozi anayetoka Mwanza na kuja Tabora wiki ya mwisho ya kila mwezi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na subira nyingi. Alimkagua kichwa kwa kioo chenye taa, mbele, juu, kisogoni, akilinganisha.

"Nani mwenye upara katika familia yenu?"

"Baba."

"Ulianza akiwa na umri gani?"

"Sijui. Aliondoka nikiwa mdogo."

"Lakini uliuona?"

Vedasto aligeuza kepu yake mikononi. "Alikuwa anavaa kofia," alisema mwishowe.

Daktari alimtazama kidogo, akaandika kitu kwenye faili. "Nitaandika kwamba hatujui. Upara wa wanaume unaweza kutoka upande wowote, wa baba au wa mama, mara nyingi pande zote mbili zinachangia. Siyo uchafu, siyo kofia, wala si mtu aliyekuroga. Kila unywele umeota kwenye kijishimo chake. Kwa wanaume wenye asili hii, homoni ya kiume inavifanya vijishimo visinyae kidogo kidogo. Unywele unaota mwembamba, halafu mfupi, halafu unakuwa kama manyoya ya kifaranga, halafu hauoti tena."

"Kuna dawa?"

"Kuna dawa, hakuna muujiza. Pale kijishimo kinapokuwa bado hai, tunaweza kusaidia. Utosini kwako viko hai vingi. Mbele kwenye kona hizi mbili, siwezi kukuahidi. Tena unaweza kuamua kunyoa na kuendelea na maisha yako. Hilo nalo ni jibu, na wagonjwa wangu wengi wanaishia hapo, wanaishi vizuri."

"Sitaki kunyoa."

"Sawa." Hakumuuliza kwa nini. Alimweleza habari ya minoksidili, dawa ya maji ya kupaka kwenye ngozi ya kichwa asubuhi na jioni, ambayo haionyeshi lolote kabla ya miezi minne au zaidi. Akamwonya kwamba wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi. Akamtajia na kidonge, finasteridi, lakini akasema kitasubiri. Kuhusu kupandikiza, yaani kuzihamisha nywele za kisogoni kuzipeleka mbele, alisema itabidi asafiri mbali, na kwamba hata aliyepandikiziwa bado anahitaji dawa kulinda zile zilizobaki.

"Hiyo ya kupaka nitatumia mpaka lini?"

"Mpaka utakapochoka. Ukiacha, baada ya miezi michache unarudi pale ambapo ungekuwa kama usingeitumia kabisa. Nakwambia leo ili usije ukasema nilikuficha."

Vedasto alianza. Kichupa alikiweka studio, chumba cha nyuma, ndani ya sanduku la lenzi. Asubuhi alipaka kabla ya kufungua, jioni kabla ya kufunga, halafu anakaa na feni mpaka kichwa kikauke ndipo avae kepu. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa picha, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi aliweka kamera kwenye stendi, akakaa kiti kile kile, taa ile ile, akajipiga utosi.

Wiki ya tatu nywele zilianza kudondoka. Zilidondoka kwenye kola, kwenye taulo, kwenye kibodi ya kompyuta. Alikimbia kwa Urvi akiwa na bahasha ambayo ndani yake alikuwa amezikusanya kama ushahidi.

"Hizi zilikuwa zimeshalegea," Urvi alimwambia. "Mpya zinajiandaa chini yake. Ukiacha sasa, utakuwa umepata hasara tupu. Vumilia."

Akavumilia. Mwezi wa tano, alipozipanga zile picha tano kwa mstari kwenye kompyuta, aliona jambo ambalo kwenye kioo asingeliona. Utosi ulikuwa unafunga. Haukufunga wote, ila ngozi iliyokuwa inang'aa ilianza kuwa nyeusi, kama jaruba la mpunga siku ambazo miche inaanza kushika. Alikaa mbele ya kompyuta peke yake akitabasamu, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha, kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua.

Lakini mbele hapakuota kitu. Na Masolwa ambaye Vedasto alimwogopa alikuwa mbele, kwenye kioo cha asubuhi, siyo nyuma. Basi akarudi kwa Daktari Recheli na kuomba kidonge.

Daktari hakumkatalia, ila alivuta kiti akakaa karibu zaidi. "Kidonge hiki kinapunguza ile homoni inayosinyaza nywele. Wanaume wengi wanakitumia bila shida. Wachache wanapungukiwa hamu ya tendo la ndoa, au mambo yanakuwa mazito, na wengine roho zinazama wanakuwa wanyonge. Ukiona lolote, unaniambia. Mnatafuta mtoto?"

"Ndiyo. Mwaka wa pili huu."

"Basi mwambie mke wako kabla hujameza cha kwanza. Kinaweza kugusa mbegu za kiume kidogo, na mwanamke mjamzito hatakiwi kushika kidonge kilichovunjika. Hili ni la watu wawili, Vedasto. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

Alielewa, na hakusema. Aliviweka vidonge katika bahasha ndogo ya karatasi, akaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi la kamera.

Mwezi wa kwanza ulipita salama. Mwezi wa pili alianza kuchelewa kwenda kulala, akisingizia kazi. Julieth akimgusa, anageuka. Asubuhi alikuwa mzito, anakunywa chai bila kuongea, akitazama ukuta. Alijua sababu ni nini, au alidhani anajua, lakini alijiambia kwamba amevumilia nywele kudondoka na hili nalo atalivumilia.

Jumamosi moja mchana Julieth alikuwa anatafuta betri za rimoti. Alijua mumewe huweka betri kwenye begi la kamera. Akakuta bahasha. Nje yake imeandikwa "1x1" tu, kwa kalamu, na ndani kuna vidonge vidogo vilivyobaki saba. Alivirudisha. Hakusema kitu siku ile, wala Jumapili, wala Jumatatu. Siku ya nne, walipomaliza kula chakula cha mchana, hakuondoa vyombo.

"Vedasto," alisema, "una nini? Niambie tu. Kama ni ule ugonjwa, niambie, twende wote tukapime. Watu wanaishi nao. Nitakaa na wewe."

"Ugonjwa gani?"

"Vidonge vilivyo kwenye begi. Kimoja kila siku. Hunigusi. Huongei. Mimi ni mtu mzima, naweza kujumlisha."

Vedasto alimtazama mkewe na kuona kwamba macho yalikuwa yamevimba, na kwamba yalikuwa yamevimba tangu juzi na yeye hakuona.

"Ni vya nywele," alisema.

"Nini?"

"Vidonge vya nywele. Vya upara. Na nyingine napaka, iko studio. Mwezi wa tisa sasa."

Julieth alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, halafu kicheko kikageuka, akalia kwa sauti, ameweka kichwa juu ya mikono kati ya sahani. Vedasto hakujua akae au asimame.

"Siku nne," alisema Julieth alipoweza. "Siku nne nimekuwa nikisahihisha madaftari ya watoto wa watu na kujiuliza kama mimi nitazaa. Kwa ajili ya nywele! Nani alikuambia sikutaki bila nywele?"

"Siyo wewe."

"Nani sasa?"

Ndipo alipomsimulia yote: ile Pasaka, ile kofia, lile neno la mama yake.

Julieth alifuta macho kwa khanga. "Na ulimuuliza alikuwa na maana gani?"

"Maana ilikuwa wazi."

"Kwako." Akainuka kukusanya sahani. "Mpigie daktari sasa hivi, nikiwa nasikia. Halafu ukamtafute huyo baba. Unakimbizana na mtu ambaye humjui hata kichwa."

Daktari alimwambia aache vidonge, aendelee na ile ya kupaka. Baada ya wiki kama sita hivi mwili ulirudi kuwa wake, na uso ukachangamka. Wakati huo alikuwa ameshampata shangazi yake wa Nzega kwa simu, naye akamwambia bila kusita kwamba Masolwa yuko Urambo miaka yote hii, anatengeneza baiskeli karibu na stendi. Hakuwa amefichwa. Hakuna tu aliyeuliza.

Alipanda basi la asubuhi linalokwenda Kaliua. Barabara ile inafuata njia ya misafara ya zamani ya kwenda Ujiji, siku hizi lami tupu, na kabla Vedasto hajapanga atasema nini, kondakta alikuwa anaita Urambo.

Fundi baiskeli alikuwa mzee mrefu aliyechuchumaa mbele ya gurudumu, amevaa kofia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Baiskeli iko wapi?"

"Sina baiskeli. Mimi ni Vedasto. Wa Bertila."

Mzee hakuinuka mara moja. Aliliweka gurudumu chini, akachukua kitambaa, akafuta mikono kidole kimoja kimoja, muda mrefu, kama mtu anayetaka mafuta yasiishe. Halafu akasimama, akavua kofia, akaishika kifuani.

Chini ya ile kofia palikuwa na nywele. Nyeupe, nyingi, zimesimama, zimeshuka mbele mpaka nusu ya paji la uso kama za kijana.

Vedasto alisahau kila kitu alichokuwa amebeba moyoni kuja kusema.

"Unatazama nini?" Masolwa aliuliza.

"Nywele."

"Hizi?" Mzee alizipitishia mkono, ameshangaa. "Kwetu hakuna mtu mwenye upara. Nimevaa kofia kwa jua, tangu siku za kwenye malori."

Walikaa kwenye benchi. Masolwa aliagiza chai mbili kwa mama wa jirani. Hawakuongea mengi, na yaliyoongelewa yalitoka kwa tabu. Vedasto alimuuliza kwa nini aliondoka. Mzee alizungusha kikombe.

"Kiwanda cha pamba kilitupunguza," alisema. "Sikumwambia mama yako. Kila asubuhi nilivaa, nikatoka, nikakaa mtoni mpaka jioni. Miezi mitatu. Alipokuja kujua, hakunigombeza. Alinitazama tu. Nilishindwa kutazamwa vile. Nikasema naenda kutafuta kazi, na nilipoipata nilikuwa nimechelewa kurudi, halafu nikachelewa zaidi." Akanywa chai. "Sina neno zuri la kukupa juu ya hilo. Nilikosa."

Vedasto hakumwambia kwamba amesamehe, kwa sababu hakuwa na hakika. Alimwachia namba ya simu. Wakapeana mikono, na mikono ilikuwa inafanana mpaka kwenye kucha.

Aliporudi Tabora hakukaa sana. Jumamosi iliyofuata alikuwa Igunga. Mama yake alikuwa uani anapepeta mpunga.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia, kwa lugha ya nyumbani.

"Mwangaluka. Mbona bila taarifa?"

"Nimetoka kumwona baba."

Ungo haukusimama. "Mzima?"

"Mzima. Ana nywele nyingi kuliko mimi na wewe."

"Masolwa? Alikuwa na kichaka. Tulikuwa tunamtania kwamba ndege watazaa humo."

"Sasa mbona Pasaka ile uliniambia nimekuwa Masolwa?"

Sasa ungo ulisimama. Bertila alimtazama mwanawe, na ilionekana kwamba analitafuta lile neno lililopotea mwaka mzima nyuma.

"Uliivua ile kofia," alisema polepole, "ukairudisha mbio mbio, halafu ukanitazama kama mtu aliyeiba. Baba yako alinitazama hivyo miezi mitatu kila akirudi jioni. Nilisema Masolwa kwa hilo. Upara nilikuwa nimeuona siku nyingi, ungenishtua nini? Baba yangu mimi, ambaye hukumkuta, hakuwa na unywele hata mmoja tangu nikiwa mtoto. Kaka zangu walinyoa wote kwa sababu hiyo hiyo. Wewe ni wa kwetu."

Vedasto alikaa chini kwenye kizingiti. Alifikiri habari ya mafuta mekundu, malengelenge, vidonge, siku nne za Julieth. Mwaka mzima alikuwa anapigana na kichwa cha babu yake mzaa mama, ambaye hakuwahi kumkosea mtu.

Bertila aliweka ungo pembeni. Akapandisha mikono, akakifungua kitambaa cha kichwa, akakiweka mapajani.

"Na mimi tazama," alisema.

Katikati ya kichwa chake nywele zilikuwa zimekonda mpaka ngozi ikaonekana, njia pana kutoka mbele hadi utosini, na zilizobaki pembeni alikuwa amezisuka vizuri ili zishikilie kitambaa.

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka arobaini na kitu. Mtu wa kwanza kuona ni wewe."

"Mama, mbona hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Vedasto alisogea karibu. Aliomba amguse, naye akainamisha kichwa, na Vedasto akamkagua mama yake kama Daktari Recheli alivyomkagua yeye, mbele, juu, kisogoni. Nyuma zilikuwa nyingi. Alimwambia kwamba kwa wanawake nako kuna wanaosaidika, ila lazima aonwe kwanza, maana nywele za mwanamke zinaweza kupungua kwa sababu nyingine pia.

"Huyo daktari ni mwanamke?"

"Mwanamke."

"Basi nitakuja."

Alikuja wiki ya mwisho ya mwezi uliofuata, amevaa gauni lake la kanisani. Kwenye benchi la kliniki walikaa watu kumi hivi. Jina lake lilipoitwa, Vedasto akainuka ili amsindikize, mama yake akamshika bega akamkalisha. Alikaa ndani nusu saa. Alipotoka alisimama mbele ya benchi zima na kumweleza mwanawe kwa sauti ile ile anayotumia kumwita mtu aliye ng'ambo ya shamba: kwamba wamemtoa damu kuangalia kama imepungua, na tezi ya shingo pia wataangalia, na kama hakuna tatizo ataanza dawa ya kupaka kama ya mwanawe, na kwamba nywele zitadondoka kwanza lakini asiogope. Benchi zima lilisikia. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni alivua kofia yake ya sufu na kumuuliza kama daktari huyo anawaona na wanaume.

"Si huyu hapa mwanangu?" Bertila alisema. "Muulize. Anazo mpaka picha."

Ni mwaka wa pili sasa. Utosi wa Vedasto umeshika pale ulipofika, hauongezeki wala haupungui. Mbele pameendelea kurudi nyuma, naye hunyoa fupi ili pande zote zipatane. Kichupa kiko nyumbani, kwenye rafu ya bafuni kando ya miswaki, na mara mbili Julieth amemkumbusha kwamba kinakaribia kwisha. Julieth ana mimba ya miezi mitano. Bertila damu yake ilikuwa pungufu kweli, akatibiwa, na dawa ya kupaka imempunguzia ile njia ya katikati kidogo, siyo sana. Kanisani bado anafunga kitambaa, anasema anakipenda. Uani anakaa bila.

Masolwa hupiga simu Jumapili mchana. Huuliza mvua, huuliza kazi, halafu husema, "Haya, msalimie mama yako." Vedasto humfikishia salamu. Bertila husema amezipokea, na huendelea na alichokuwa anafanya.